Zamu Yako Ikifika Utaitwa

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi na mimi nilikuwa nacheka. Nakuambia mapema kwamba nilikuwa nacheka, ili tukifika mbele usidhani mzee wako alizaliwa na uso huu.

Ndiyo, nimesema mzee. Najua niko kidato cha nne tu, na ndevu zangu unaweza kuziita kwa majina zikaitika zote. Lakini wewe wa kidato cha kwanza umeingia juzi katika klabu hii ya kompyuta, mimi naondoka nikimaliza mtihani, na hapa hakuna mwingine mwenye umri wa kutoa nasaha atakayekubali kukaa nawe. Basi kaa. Na kipanya hicho kiache, hakijakukosea kitu.

Klabu yetu, kama unavyoona, si ya shule peke yake. Ni ya watu wanaopenda kompyuta bila kulipwa: sisi wanafunzi wa Kibiti, mafundi wa Ikwiriri, na vijana wa Rufiji waliokwenda Dar wakapata kazi ya kufungua na kufunga mashine za wenzao. Tunakutana katika karakana ya Mzee Mkumba, fundi redio, ambaye zamani alikuwa makanika wa kivuko cha Ndundu. Kinachotuunganisha ni listi. Ni anuani moja ya barua pepe. Ukituma neno pale, linawafikia wanachama wote walipo.

Programu ya zamani iliyoendesha listi ilikuwa punda. Ilibeba chochote. Mtu akiuliza kwa nini printa yake inatafuna karatasi, wote tunapata. Mwingine akitangaza kwamba mto umepanda mpaka mashamba ya Umwe, wote tunapata. Na misiba. Hasa misiba. Wewe umekuta simu za mkononi zimeanza kuzagaa; wakati ule zilikuwa za wenye vitambi, na simu za waya zilikufa wiki nzima bila kuugua. Kwa hiyo nyumba nyingi za huku zilijua la kufanya. Mtu akifariki alfajiri, unakwenda chumba cha intaneti pale stendi, unamwambia dada anayehudumia akuandikie kwenye listi ya vijana wa kompyuta, na mchana jamaa wa Dar yuko kwenye basi anarudi kuzika. Hakuna aliyeipanga desturi hiyo. Ilijichora yenyewe, kama kinjia kinavyokatiza uwanja wa mpira.

Kisha tukahama. Ofisi ya Dar iliyotuhifadhia listi kwa hisani ikasema mashine yake imechoka, inazimwa. Mwenyekiti wetu, Shauri, alikuwa kidato cha sita na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha mwalimu wake, akatafuta programu mpya. Na kweli ilikuwa mpya, mwanangu. Ilitunza barua zote za nyuma. Ilifukuza matangazo ya dawa za nguvu. Na ilikuwa na komeo: ujumbe usio wa kawaida ungeweza kuzuiwa mlangoni mpaka kiongozi aukubali. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tulikilamba kidonda.

Jumamosi hiyo tulikaa karakanani kupanga kipi kizuiwe. Wenzetu wa Dar walikuwa wameshalalamika: listi imekuwa ya maulidi, mafuriko na mazishi, ya kompyuta hayaonekani. Tukakubaliana kwamba chochote kisicho cha kompyuta kingoje.

"Na msiba?" Mzee Mkumba aliuliza, macho yake yakiwa kwenye redio aliyokuwa anaipasua.

"Msiba si kompyuta, Mzee," Shauri alimjibu, na kwa adabu kabisa. "Utapita tu, ila niuone kwanza."

"Utauona lini?"

"Jumamosi, nikipewa ruhusa ya kutoka shule."

Mzee akaitazama redio muda mrefu. "Haya," akasema, akaendelea kuchomelea waya. Mkubwa akisema haya namna ile, zima kila kitu umuulize ana maana gani. Hatukumuuliza.

Programu ilitaka kitu kimoja zaidi: maneno machache ya kumjibu papo hapo yule ambaye ujumbe wake umezuiwa. Yaliyokuja nayo yalikuwa ya Kiingereza, makavu kama muhogo wa juzi. Shauri akanigeukia. "Wewe mwenye mdomo, tuandikie ya kwetu."

Sasa jua kwamba daraja la Rufiji unalolivuka leo kwa kusinzia lilikuwa bado nguzo ndani ya maji. Kivuko cha Ndundu kikiharibika, malori yalilala pale, watu wakapika, wakagombana, wakapatana, wakachumbiana. Hakukuwa na mzaha rahisi kuliko Ndundu. Nikaandika hivi: *Ujumbe wako umetufikia. Tulia upange foleni kama lori la mkaa kivukoni Ndundu. Zamu yako ikifika utaitwa.*

Karakana nzima ilianguka. Shauri alifuta machozi kwa shati. Mimi nilicheka zaidi ya wote, maana hakuna mwenye kitu anayekipenda kama aliyekitengeneza. Mzaha mzaha, walisema, hutunga usaha. Nilikuwa naujua msemo huo. Niliwahi hata kuupatia maksi kwenye mtihani.

Listi ikahama, ikatulia, ikawa safi.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Nimesimuliwa na Athumani mwenyewe, na kama nimekosea neno, basi nimekosea kwa kulipunguza.

Athumani ni mkulima wa Nyamwage, ng'ambo ya mto. Mdogo wake, Omari, alikuwa mwenzetu wa listi. Alitengeneza kompyuta katika duka moja Kariakoo na kila siku saa ya chakula aliisoma listi kabla ya kula. Mama yao akafariki alfajiri, siku ya katikati ya wiki. Wazee wakamwambia Athumani: mwite mdogo wako, tutamngojea mpaka kesho adhuhuri, zaidi ya hapo tutamtesa marehemu. Akapanda gari mpaka mtoni, akavuka, akafika Kibiti jua halijawa kali. Akamweleza dada wa intaneti, dada akaandika: *Omari, mama ametutoka. Njoo leo. Tunakungojea wewe.* Akatuma.

Kompyuta ikamjibu palepale. Dada akasoma, akasita, akasoma tena. Hakucheka. Athumani alimwomba amchapie lile jibu kwenye karatasi, maana ofisi yoyote ikikujibu unatunza jibu.

Kisha akakaa kwenye benchi.

Aliambiwa ujumbe umefika, mwanangu. Aliambiwa atulie. Aliambiwa ataitwa. Yeye kompyuta ameiona mara mbili katika maisha yake. Angejuaje kwamba ndani mle hakuna karani, na mwenye ufunguo yuko darasani anapiga hesabu za vekta, na atatoka Jumamosi? Watu waliingia wakatoka. Kila kompyuta ilipolia, aliinua kichwa. Hakwenda kula asije akaitwa hayupo. Karakana ya Mzee Mkumba iko hatua chache kutoka stendi, na Mzee angepanda basi mwenyewe akamfuate Omari, lakini nani angekwenda kusumbua watu wengine wakati zamu yake imeshaandikwa?

Dada alipokuwa anafunga dirisha, Athumani alimuuliza, "Zamu yetu bado?"

Dada akamwambia, "Bado, kaka. Nenda tu nyumbani."

Siku hiyo Omari aliisoma listi kama kawaida, akiwa na sahani yake ya wali. Ilikuwa na mjadala mkali kuhusu wino wa printa. Alichangia. Kesho yake, wakati anaandika hoja ya pili, mama yake alikuwa anateremshwa, na aliyeingia kaburini mahali pa mwanawe wa mwisho alikuwa jirani.

Omari alikuja kupewa pole na kondakta wa basi la kusini, njiani tu, kondakta akidhani ameshapata habari.

Jumamosi nyingine tulikuwa karakanani Omari alipoingia. Anatoka Nyamwage, vumbi mpaka kwenye kope. Nikataka kumtania, ulimi ulishapanda, nikaona uso wake nikaumeza. Akaweka vitu viwili mezani kwa Mzee. Karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na kiboksi cha miwani. Miwani ile aliinunua amletee mama yake sikukuu.

"Nani ameandika haya?" akauliza. Sauti ya kawaida kabisa.

Shauri akatazama sakafu. Nikasema, "Mimi."

Nilitaka anipige. Sikufichi, ningepata nafuu. Aliniangalia tu kama anayejaribu kunikumbuka.

"Kaka yangu alingoja," akasema. "Mpaka leo ananiuliza mimi, mtu wa kompyuta, kwamba yeye alikosea wapi."

Nikasema nisamehe, kaka Omari. Akasema sawa. Kisha akatoka, na miwani akaiacha pale. Sijui alisahau au hakuwa na pa kuipeleka. Hakurudi kwenye listi.

Mzee Mkumba hakupandisha sauti. Aliondoa miwani yake yeye, akaifuta, akaanza kwa taratibu zake.

"Mimi nimekaa kivukoni tangu nywele hizi nyeusi. Nimeona waziri akingoja. Nimeona nyanya zikioza ndani ya malori. Lakini mtu akitokea juu ya kilima akasema nina msiba, hata kama hana maiti, ana neno tu mdomoni, foleni yote inahama pembeni. Wala haulizwi msiba wa nani. Umenielewa, kijana? Athumani alipitishwa mbele ya kila mtu pale Ndundu asubuhi ile. Kwako ndiko alikopanga foleni."

Nikaichukua ile karatasi, nikaikunjua.

"Programu yenu ya zamani ilikuwa mlango bila kitasa," akaendelea. "Mkaona ni ubovu. Hamkuuliza ni nani anapita pale usiku na mchana. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na kama lazima uuache, basi kwanza tazama ni nani amelala juu yake."

Hatukurudi kwenye programu ya zamani. Mashine yake ilishatupwa. Mpya ndiyo hii tunayotumia. Ila misiba haizuiwi tena, na wa Dar wanaochoka kuisoma wamekaribishwa kuchoka. Athumani simwoni mara nyingi. Tukikutana gulioni ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linalonimaliza.

Sasa nasaha, mwanangu, maana funguo za listi nakuachia wewe. Hama, usiogope kuhama, vitu vinachakaa. Lakini kabla ya kuhamisha, nenda ukawaone kwa miguu wanaotumia ulichonacho, hata wale ambao hukuwategemea, hasa hao. Komeo usilifunge kama wewe hukai karibu na mlango. Na mzaha ufanye, mimi nisiyeacha nitakukatazaje? Ila ufanye mbele ya uso wa mtu, umwone akicheka au akikunja uso. Usiiachie mashine itanie watu wakati wewe hupo.

Na maneno yale yako mikononi mwako kuyatunza. Niliyaandika upya siku ileile, Mzee akiwa amesimama nyuma yangu. Mtu akizuiwa leo, anajibiwa: *Ujumbe wako haujasomwa na mtu yeyote. Kama ni wa haraka usingoje hapa. Toka sasa hivi, nenda karakana ya Mzee Mkumba jirani na stendi, ubishe hodi mpaka ufunguliwe.* Hayachekeshi. Usiyaguse.

Mungu akukuze mpaka ndevu zako zikushinde kuziita majina. Akujaalie anayekungoja umwone angali kwenye benchi. Na siku ya kuitwa nyumbani kuzika, nawe itakufika, neno likukute mapema, na kila aliye mbele yako njiani akupishe.