Ganzi ya Mama

Mama yangu alitutoboa masikio sisi mabinti zake watatu kwa mkono wake mwenyewe, nyuma ya jiko letu kule Myamba, kwa sindano ya kushonea aliyoipitisha kwenye moto. Alikuwa akisubiri Julai. Asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umelala migombani, alitutoa kitandani, akatulowesha masikio kwa maji ya mfereji, akatukalisha nje mpaka meno yagongane. Baridi ndiyo ilikuwa ganzi yetu. "Sikio limeshakufa hilo," alisema, "haliumi." Liliuma, jamani! Nililia mpaka nikapaliwa, naye akanibana kichwa kwa magoti na kuniambia niache kudeka.

Basi mwaka jana, Mama akiwa na miaka sabini na tatu, binti yangu alimletea hereni. Mama mwenyewe hakuwahi kutobolewa. Babu, baba yake Mama na mzee wa kanisa, hakutaka hata kusikia habari hizo. Nikamteremsha mpaka Same mjini, kwa muuguzi mstaafu mwenye duka la dawa. Swali la kwanza la Mama, hata kiti hajakalia: "Ganzi ipo?"

Nilimwangalia. Watoto watatu, sindano moja, na maji ya mfereji!

Muuguzi alimpaka krimu ya ganzi, nene, masikio yote mawili, akafunika kwa nailoni na plasta. "Usiguse, mama. Tunasubiri saa nzima ishike."

Dakika kumi hazijaisha, simu ya Mama ikaita. Alikuwa mdogo wake wa Bombo. Mama akabandua nailoni ya kulia, akakandamiza simu sikioni, akaanza kupiga kelele kwa Kipare kuhusu maharage, mvua, na ng'ombe wa jirani.

"Mama, dawa hiyo!"

Akanipungia mkono ninyamaze.

"Basi weka spika."

"Watu watasikia," alisema, kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi stendi.

Alipomaliza, krimu ilikuwa kwenye simu, shavuni na kwenye kitenge. Akairudisha nailoni kwa kidole, akatulia kama vile hakuna kilichotokea. Kuna siku mtu anakuchosha mpaka unatamani kwenda kukaa nje peke yako.

Saa ilipotimia, muuguzi alianza na kushoto. Mashine ya kutobolea ikalia tak, Mama hata hakupepesa jicho. Akanigeukia akicheka. "Ndiyo hii mliyokuwa mnaililia? Nyie mlikuwa wadekaji tu."

Muuguzi akaenda upande wa pili, akasita. "Huku dawa imefutika, mama. Nipake upya, tusubiri tena."

"Saa nyingine? Toboa tu, mwanangu. Haiumi."

Ningeweza kumzuia. Nilijua kabisa kitakachotokea, na nilikuwa na mdomo. Lakini nilikuwa nimekasirika, tena si hasira ya siku hiyo peke yake, nikanyamaza.

Tak. Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata siku tuliyomzika baba. Akaukamata mkono wangu akaubana, machozi yakimtoka. Muuguzi alimpa pole, akamfuta damu, akamvalisha hereni. Mama hakuomba kioo. Alikaa akinitazama.

"Kwa hiyo ile baridi," alisema taratibu, "haikuwa inafanya kazi."

"Haikufanya, mama."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

"Mbona hamkusema?"

"Tulisema!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Tulisema, tukalia. Ukatuambia haiumi."

Aliinamisha kichwa. Nikajua sasa atanijibu kwamba nadeka, na nilikuwa tayari, maneno nilikuwa nayo ya miaka arobaini.

"Pole, mwanangu," alisema.

Nikajikuta nasema, "Ahsante, mama," na mkono wake bado umenishika, nami sitaki aniachie.