Maombi ya Papo Hapo

Shemeji yangu ni fundi makochi. Kutwa nzima anashinda ameinama juu ya fremu, mdomo umejaa misumari midogo, akiitoa mmoja mmoja kugongomelea kitambaa. Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Dada yangu, mkewe, alikuwa akisema kwamba mume wake anaweka akiba ya maneno wiki nzima, halafu Jumapili anawamwagia Wabaptisti wenzake yote.

Maana shemeji ni shemasi, na maombi marefu ya ibada yalikuwa yake. Ndiyo maana walimpachika jina la Papo Hapo. Kwake yeye sala iliyoandikwa ni nguo ya kuazima. Mtu aliyeokoka anamwambia Mungu linalomtoka moyoni papo hapo. Mimi nilibaki katika kanisa tulilokulia na dada, kanisa la vitabu vya sala na Kanuni ya Imani, kwa hiyo alinitania eti mimi na Mungu tunawasiliana kwa karatasi. Nilimjibu kwamba karatasi yangu angalau ina mwisho.

Ukweli ni kwamba, kama nilivyojionea kila nilipowatembelea, maombi yake ya papo hapo yalikuwa yale yale kila wiki. Alianza na kushukuru kwa pumzi tuliyoamka nayo, akaenda kwa wagonjwa, kwa wajane, kwa wenye mamlaka, akafika kwa walio safarini. Akishasema tu "uwafikishe salama walio safarini," dada alikuwa akitia Amina kwa sauti, kanisa zima likaitikia, na shemeji akafumbua macho kama mtu aliyeamshwa. Watu walicheka chinichini na kumshukuru dada, maana chakula kilikuwa kinawasubiri nyumbani. Shemeji hakuwahi kugundua kwamba anajirudia.

Dada alipoanza kuugua figo, mchungaji kijana aliyekuwa mgeni pale alileta wazo kwamba kila Jumapili kanisa liwe linasema Kanuni ya Imani, watu wote wakikiri kwa sauti moja. Kwa Wabaptisti jambo kama hilo haliamuliwi na mchungaji. Linapelekwa kwenye mkutano wa washirika na mikono inainuliwa. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwa kuwa ndimi niliyemsindikiza mgonjwa. Shemeji alishikia bango kulipinga. Alisema waliowatangulia walikataa kufungwa na kanuni za wanadamu, Biblia inawatosha, na mtu akishazoea kukariri anasali huku amelala. Alisema vizuri, hata mimi nisingemweza. Wazo likaanguka. Kati ya mikono michache iliyoliunga mkono ulikuwemo wa dada, umekonda, ameushikilia kwa mkono wa pili usianguke. Shemeji aliuona.

Nilimuuliza dada kwa nini. Alisema siku hizi akili yake inachoka njiani. Akifumba macho aombe, maneno yanamkimbia. Alitaka walau Jumapili abebwe na wenzake, aseme wanachosema wao, basi. Nilikasirika kwa niaba yake, na bado nimekasirika.

Dada alipozidiwa, shemeji alihamishia kazi chumbani. Alishona foronya za mito ya makochi pembeni mwa kitanda, bila misumari mdomoni, ili akiitwa aitike. Asubuhi moja dada alimwambia, "Mume wangu, niombee. Lakini leo si ile ya kanisani. Niombee mimi."

Alipiga magoti. Akaanza na pumzi tuliyoamka nayo. Akasita, akarudi nyuma, akajaribu njia nyingine, na njia hiyo nayo ikamfikisha kwa wagonjwa na wajane. Jasho lilimtoka. Alipofika kwa walio safarini dada alimwekea mkono kichwani, akasema Amina taratibu, bila ubaya wowote katika sauti yake. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alitoka uani, na nilipomfuata aliniambia kwamba atayapata, atayapata tu maombi ya mke wake, apewe muda kidogo. Muda haukuwepo.

Makaburini mchungaji alimwachia nafasi ya kuomba. Nilijua anachokitafuta. Alisema, "Bwana," akanyamaza. Akasema tena, "Bwana." Maneno yalikuwa yamemkauka kabisa. Ndipo mama mmoja wa kwaya, kwa huruma tu, akaanza kwa sauti ndogo kushukuru kwa pumzi tuliyoamka nayo. Wakamfuata wawili watatu, kisha wote, wakubwa kwa wadogo, neno kwa neno, hata wakapumzika pale anapopumzika yeye. Hakuna aliyewahi kuwafundisha. Shemeji aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeyasikia maombi hayo kwa mara ya kwanza.

Wakapita kwa wagonjwa, kwa wajane, kwa wenye mamlaka. "Uwafikishe salama walio safarini," wakasema, na wote wakakoma hapo. Kanisa zima lilikuwa linaisubiri sauti ya dada, na hakuna aliyethubutu kuitikia kwa niaba yake. Nami sikuweza.

Mchungaji alimnong'oneza shemeji amalizie.

"Baada ya hapo sijui," alisema. "Hakuwahi kuniacha nifike."

Wachimbaji walingoja kidogo, kisha wakashika makoleo. Dada yangu tulimzika bila Amina.