Mume Wangu Anadhani Nazichukia Taa Zake

Admin, nakuomba jina langu lisionekane popote, maana mawifi zangu wamo humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Kahama, ni fundi cherehani na nina watoto watatu. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye mgodi mmoja huko Geita, anakaa kazini wiki kadhaa ndipo anarudi nyumbani kupumzika. Sijawahi kuanika mambo yangu mtandaoni, ila nimefika mahali sina wa kumwambia.

Mwaka jana tulihamia kwenye nyumba yetu. Mume wangu anapenda vitu vya zamani, taa za dukani hakuzitaka kabisa. Tukaenda Shinyanga mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa anabomoa nyumba ya marehemu baba yake, tukachagua wote wawili. Sebuleni taa kubwa ya shaba yenye bakuli la kioo cha maua, koridoni na vyumbani zile ndogo za kuning'inia kwa minyororo. Alizisugua mwenyewe kwa limau na majivu mpaka zikang'aa, akabadilisha nyaya, akaitundika ile kubwa juu ya meza ya chakula, akaweka balbu za njano. Majirani walikuja kuangalia. Aliniambia, "Mama Neema, sasa hapa ndio kwetu." Nilifurahi jamani, siwadanganyi.

Shida ilianza taratibu. Jioni ikiingia nagonga meza, namimina chai nje ya kikombe. Nikasema ni hizi taa, mwanga wake hafifu. Akaweka balbu kali, bado. Nikawa nalalamika kila anaporudi, mpaka akaacha kunijibu. Mwishowe, yeye akiwa kazini, niliita fundi umeme akazishusha zote, akafunga zile nyeupe ndefu za kisasa. Mume wangu aliporudi alizikuta stoo kwenye boksi, bakuli la ile kubwa lina ufa. Hakugomba. Alikaa chini akalishika lile bakuli, akasema, "Ungeniambia tu kwamba umenichoka." Akarudi Geita kabla mapumziko yake hayajaisha.

Na chini ya hizo taa nyeupe bado nilikuwa sioni. Nilipokata vibaya gauni la bibi harusi wa watu, ndipo nikaogopa, nikaenda kwa daktari wa macho. Akasema ni presha ya macho, na imeshakula sana uwezo wangu wa kuona vya pembeni. "Kilichopotea hakirudi, mama. Tunalinda kilichobaki." Akanipa matone ya kila siku. Nayaweka kwa siri, mume wangu hajui, lakini yanafanya macho yangu yawe mekundu.

Asiye wa huku kwetu hawezi kuelewa macho mekundu ni kitu gani. Mama yangu mzazi, kijijini upande wa Mhunze, macho yalimwiva kwa ugonjwa na moshi wa jikoni, watu wakaanza kunong'ona kuwa ni mchawi. Mtoto wa jirani alipofariki, ilibidi tumtoroshe mama na nguo alizovaa tu. Alikufa ugenini. Mume wangu anajua mama alihama kijiji, sababu sijawahi kumwambia.

Sasa mama mkwe yuko kwangu. Juzi ameniinamia usoni, "Ng'wanangu, macho mbona yameiva hivyo?" Nikasema, "Ni vumbi, mayu." Kesho yake nikamsikia anaongea na mwanawe kwenye simu, kwa Kisukuma, "Mkeo taa zako kazitoa, jioni anapapasa kuta kama mgeni, na macho yamekuwa mekundu. Mimi chakula chake naogopa kukila." Nilikuwa nimeshika sahani yake mkononi. Niliiweka chini nikaenda kulia bafuni.

Mume wangu hakuniuliza chochote. Badala yake jana amenitumia picha, akaandika, "Nimepata taa nyingine za zamani. Safari hii chagua wewe, utakachosema ndicho nitafunga." Nilijua anatafuta tupatane. Nikaangalia, nikaona taa moja nzuri ya kioo cha bluu. Nikajibu haraka, "Hiyo hiyo nimeipenda, mume wangu."

Akaandika, "Hiyo ipi, Mama Neema? Ziko mbili."

Nikasogeza simu huku na huku mpaka nikaiona ya pili. Ilikuwa hapo hapo muda wote. Akapiga, sikupokea. Akapiga tena. Kisha ukaja ujumbe, "Kuna kitu unanificha. Jumamosi nakuja, tukae na mama tuongee."

Jamani, nikimweleza ugonjwa mbele ya mama yake, nani ataamini kuwa ni dawa ndiyo inayoniivisha macho? Nikinyamaza, watayatafsiri wanavyotaka. Nimefikiria kuacha matone, lakini nikiyaacha, nyuso za wanangu nitaziona mpaka lini? Jumamosi haiko mbali. Mnaosoma hapa, hasa mliozaliwa huku kwetu, nisaidieni mawazo, maneno haya niyaanzie wapi?