Ubeti wa Muuza Chapati

Yule mama anayekaanga chapati za maji pale sokoni Jeongseon, meza inayopakana na yangu ya mboga za mlimani, huweka beseni la maji kando ya jiko, na ndani yake kata ya kibuyu imefudikizwa ielee. Chapati ikianza kushika, vidole vyake vyenye makovu ya mafuta huipiga ile kata kama ngoma, naye huimba wimbo wetu wa mlima usiovukika. Kiitikio ni cha wote. Ubeti, kila mwanamke wa bonde hili alijitungia wake akipalilia. Yeye huimba beti za marehemu, na huwataja: “Huu wa Mama Deok-su, aliyeozwa kwa mlevi.”

“Shangazi, unakaanga au unazika?” wateja humchokoza. “Njaa inauma.”

“Subiri. Mama Deok-su kila siku alikatizwa.”

Baada ya beti hizo huipiga kata bila kuimba, urefu wa ubeti mmoja, midomo kaifumba. Nilidhani anapumzika. Juzi mke wa mwanawe, akikata kabichi, akamwuliza, “Mama, ubeti wako ni upi?”

“Mama mkwe wangu hakutaka niimbe shambani. Alisema mdomo ukifunguka, jembe linalala. Alipokufa nikasema, haya, sasa nitautunga.”

“Halafu?”

Aliipiga kata, midomo kaifumba, mpaka ubeti wake ukaisha. Chapati ilikuwa imeungua. Akaikunja, akaila mwenyewe.