Kisanduku cha Saa Kumi

Hospitalini anakofanya kazi, mama yangu anaitwa Mama Karatasi Moja. Ni karani anayepanga zamu za wauguzi, na ubao wa matangazo una fremu ya kioo inayoingia karatasi moja tu. Wauguzi wawe thelathini au hamsini, mama huwabana humo humo. Kompyuta yake ameielekeza ipunguze herufi yenyewe kila maneno yanapozidi kisanduku cha jedwali. Wauguzi wakilalamika kwamba wanasoma zamu zao kwa kukodoa macho, yeye huwajibu, "Kodoeni, vijana. Macho mnayo."

Nyumbani macho ndiyo yaliyokuwa shida. Baba ni fundi cherehani mstaafu. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshapotea kwa presha ya macho, na la kushoto lingeokoka tu kama angetia dawa mbili kila siku: ya kifuniko cheupe asubuhi, ya kifuniko cha njano saa kumi alasiri. Daktari alipoeleza hayo, baba alikuwa akichungulia mshono wa koti la daktari. Mambo ya maelezo humwachia mama. Basi mama akamchapia ratiba, karatasi moja bila shaka, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Kila jioni akirudi kazini aliuliza, "Umetia dawa?"

"Nimetia," baba alijibu.

Mwezi ulipokwisha daktari alipima tena, akakunja uso. Presha ilikuwa imepanda. Siku hiyo mimi ndiye niliyewasindikiza. Tulipofika nyumbani mama alikwenda moja kwa moja kabatini. Chupa ya kifuniko cha njano ilikuwa haijafunguliwa.

"Mzee, unataka usituone kabisa?" Mama alimwinulia chupa ile usoni.

"Hiyo nilidhani ya akiba. Nimefuata karatasi yako neno kwa neno."

"Saa kumi imeandikwa nini?"

Baba alitazama ukutani, kisha akatazama miguu yake. Mtu huyu alizoea kujigamba kwamba anatunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga. "Pale chini? Nilidhani ni mstari tu wa kumalizia karatasi."

Nikasogea nisome. Hata mimi ilibidi nigusishe pua kwenye karatasi. Kwa asubuhi mama alikuwa ameandika maneno manne, herufi zikakaa kubwa. Lakini saa kumi yeye hayupo nyumbani, kwa hiyo kisanduku kile alikijaza maelezo, na kila alivyozidi kumjali mumewe, kompyuta ilizidi kupunguza herufi, mpaka zikawa kama vumbi. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa amezikuza, asione kosa.

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani akalia, naye si mtu wa kulia. "Ni mimi," alisema. "Lakini kwa nini hukuuliza?"

"Niseme sioni? Nikuambie wewe?" Baba alimwekea mkono begani. "Mteja akinenepa, unaachia mshono. Huwezi kumpunguza mteja."

"Na wewe unafundisha watu ukiwa umekosa." Mama alifuta machozi akacheka.

Kesho yake aliomba ruhusa, akarudi mapema na ratiba ya karatasi tatu. Alikuwa amezima ule upunguzaji na kuongeza kimo cha kisanduku cha saa kumi mpaka kikachukua karatasi nzima. Hakufuta hata neno. Nilizibandika, baba akasimama nyuma ya cherehani akasoma bila kusogea.

"Nawa mikono. Tikisa chupa. Tone moja, jicho la kushoto. Lifumbe dakika mbili. Usilifikiche." Akafika mstari wa mwisho. "Nataka uzeeke ukiniona."

Akamgeukia mama. "Hili umeliongeza leo?"

"Lilikuwepo tangu siku ya kwanza."

Baba aliusoma tena mstari ule wa mwisho, safari hii kimoyomoyo. Kisha akanyoosha mkono apewe chupa ya kifuniko cha njano.