Simu Iliyobaki Nje ya Mlango

Setilaiti za mataifa mengine zilikuwa zimeanza kuzinyemelea za Marekani huko juu, na wakubwa, ambao hawajui kutulia, wakaamua kuvipangua vikosi vyote vya anga za juu na kuvipanga upya. Kikosi cha Sajenti Lorna Trujillo kikapangiwa kuhamia jimbo la Alabama. Lorna alikuwa akiishi Kolorado na bintiye Maribel, mtoto mwenye pumu. Wade, baba wa mtoto, waliyekwisha kuachana naye, hakutaka kusikia habari ya Maribel kuhamishwa jimbo. Lorna aliomba aachwe palepale, akakataliwa. Ikabaki mahakama.

Alikwenda na sare iliyonyooshwa pasi, roho ikiwa mkononi. Jaji, mama mmoja mpole, alikuwa na jambo moja lililomkera. Mwaka jana Maribel alizidiwa darasani, na walimu wakampigia mama yake simu mpaka wakachoka. Alikuwa wapi?

"Kazini, mheshimiwa."

"Ukifanya nini hata usipokee simu?"

Siku ile setilaiti ngeni iliisogelea ya kwao, na Lorna hakubanduka kwenye skrini mpaka zamu ikaisha. Simu yake ilikuwa kwenye kisanduku nje ya mlango wa chuma, pamoja na za wenzake wote. Lakini alikuwa amefundishwa miaka mingi kufunga mdomo. Hata kwa mama yake kule Pueblo, wakila mchuzi wa pilipili za kijani, akiulizwa habari za kazi huanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Siwezi kusema," alijibu.

Jaji akamuuliza tena, taratibu. Lorna akarudia yaleyale huku akijiona anazama. Mtoto akapewa baba.

Nje, theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Lorna alimfuata Wade mpaka kwenye gari lake.

"Si ungesema tu simu haziingii mle ndani," Wade alimwambia, wala hakumcheka. "Hiyo nayo siri? Mji mzima unajua. Hata yule muuza kahawa wa getini anajua."

Lorna alimtazama. Kweli, haikuwa siri hata kidogo.

"Kumbe na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Wade alifungua mlango. Kwenye kiti cha nyuma mto wa Maribel ulikuwa umeshawekwa.

"Mimi sikuulizwa, Lorna."