Firigisi Ambayo Sikuila

Admin, jina langu ulifiche, lakini jina la mji wetu, Likasi, uliache, nataka watu wa kwetu wanaosoma hapa waelewe. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, sina mume, sina mtoto, ninauza makala, mkaa wa kupikia, sokoni. Mutanisamehe Kiswahili changu cha Katanga. Nina hasira na leo sitaimeza.

Nilizaliwa mtaa wa Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi. Papa alikuwa fundi wa mashine. Ile miaka ya tisini kazi ikaanguka, mshahara ukawa unakuja siku unayotaka wenyewe, na nyama ikapotea kwenye sahani zetu. Lakini mimi nilikuwa na kobayi wangu, wale wengine wanaita simbilisi, wanene, bila mkia, wanalala jikoni karibu na mbabula, jiko letu la mkaa, ili wapate joto. Papa alininunulia nilipofaulu shule ya msingi. Sikuwafuga wa kula. Niliwapa majina: Madamu, Kibonge, Shefu. Wakisikia ninakata matembele wanapiga mluzi wote pamoja, nyumba nzima inasikia. Jirani alikuwa ananicheka: "Weye uko nalisha nyama, na weye mwenyewe uko nakufa njala!" Papa akamjibu: "Mubaache. Ni batoto ya nyumba hii."

Basi Yaya, dada yangu mkubwa, akapata mchumba, kijana wa Lubumbashi, kwao wana duka. Wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja Jumapili. Kwetu mkwe hapewi samaki. Anapewa kuku, na firigisi inawekwa kwenye sahani ya mkubwa wao. Asipoiona, mumemdharau, anaweza kusimama akaenda zake. Na nyumbani hapakuwa na kuku, hata unyoya. Mama akaniambia, "Mungu atatoa," akanituma misa ya kwanza, kisha nipitie kuchota maji. Kumbe Mungu wake alikuwa analala karibu na mbabula.

Nilirudi na ndoo kichwani. Wakwe walikuwa wamefika, wako saloni, yaani sebuleni, na Papa wanakula bukari, ule ugali wetu, wanasifu mchuzi wa karanga. Nikapitia mlango wa jikoni. Nikachukua matembele nikaanza kukata. Kimya. Nikakata tena kwa nguvu. Kimya. Yaya alisimama pale na kitenge chake kipya, hakutaka kuniangalia. Nikafunua sufuria. Mama wee! Kobayi wangu walikuwa mle, ndani ya mchuzi.

Hapo hapo nikasikia sauti ya baba mkubwa wa yule kijana: "Mama, kuku ni muzuri. Lakini firigisi iko wapi?"

Walikuwa wamewachuna, wakawakata vipande vidogo, wakamwaga karanga nzito ili mifupa isionekane. Firigisi hawakuifikiria. Kobayi ataitoa wapi firigisi? Nikamsikia Mama anacheka kile kicheko cha woga: "Mutusamehe, bakwe. Ni ule mutoto yangu mudogo, mulafi. Nilimuachia sufuria kidogo tu, akaikula."

Binti kula firigisi ya wakwe! Watu wa kwetu mnajua hiyo aibu. Nikaitwa saloni. Papa hakujua lolote, vidole vyake vilikuwa bado na mchuzi. Akaniangalia kama mtu asiyenijua. "Piga magoti, omba musamaha." Neno moja tu kinywani mwangu, na ndoa ya Yaya ingekufa pale pale. Niliona mifupa kwenye sahani, nikajiuliza ipi ni ya Kibonge. Nikapiga magoti. "Munisamehe, baba." Yule mzee akanyonya mfupa wake, akasema: "Huyu, nani atamuoa?" Wote wakacheka. Yaya naye alicheka, kwa mlango.

Jioni Mama akamwambia Papa kwamba wezi wamebeba kobayi. Nikataka kusema, akanishika mkono: "Ukisema, utamuua papa yako. Na yeye alibakula." Nikaenda kuosha zile sahani.

Yaya akaolewa, akaenda Lubumbashi kula vizuri. Mimi nikabaki na jina la Mama Firigisi. Baadaye mdogo wa shemeji akanipenda, na mimi nikampenda kweli kweli. Yule mzee akakataa: "Ule alikula ya bakwe, ya bwana yake ataiacha?" Nikaenda kwa Yaya nikilia, nikamwomba aseme ukweli. Akanijibu: "Unataka banifukuze juu ya panya?" Panya! Mwanaume wangu akaoa mwingine. Mama alikufa bila kulitaja lile jambo. Papa alikufa akiamini kwamba alizaa mlafi, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote.

Sasa juzi Yaya amenipigia simu. Binti yake anaolewa, na mimi mama mdogo lazima niwepo. Anacheka: "Shemeji yako ametengeneza kitu. Mbele ya bageni tutakuletea sahani nzima ya firigisi, batu bacheke, tumalize ile hadithi. Usikasirike, eh?" Nikamuuliza, "Na ukweli?" Akasema: "Weye! Mpaka leo uko nalilia kobayi?"

Ndiyo, ninalilia kobayi. Ninamlilia na Papa, na yule mwanaume, na watoto ambao sikuwazaa.

Nikisema siku ile, wakwe wapya watajua mama wa bibi harusi aliolewa kwa uongo, na yule mtoto hajanikosea kitu, ananiita mama. Nikinyamaza, nitaipokea ile sahani, na wale wale watacheka tena. Nishaurini, ndugu zangu, nile au niseme? Lakini mnaponijibu mjue kitu kimoja: toka nizaliwe, firigisi sijawahi kuionja.